AHADI YA RUBANI NA DENI LA MAFUNZO

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewatiisha ndege katika anga. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyejulikana kwa uaminifu hata kabla ya kupewa utume, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Amma baad. Enyi ndugu zetu Waislamu wa Mrima na visiwani, tunataka kuwaeleza khabari ya jambo ambalo wengi hudhani ni la watu wachache, nalo ni mkataba wa mafunzo autiao sahihi rubani anapokwenda kufanya kazi ya muda katika nchi za ng'ambo. Msiseme kuwa halituhusu. Mkataba huo pengine hausimami kwa sahihi ya kijana peke yake. Hutakiwa na mdhamini, na mdhamini ni baba, au ami, au mjomba, na rehani ni nyumba aliyoiacha babu.

Kwanza tulieleze jambo lenyewe, kwani haifai kuhukumu kitu kabla ya kukifahamu. Mtu hawi rubani wa ndege kubwa kwa cheti kimoja. Hupata kwanza leseni ya kurusha kwa ujira, nayo hutaka masomo marefu na saa nyingi za angani. Kisha kila aina ya ndege kubwa ina mafunzo yake, hata aliyefundishwa Boeing 737 hawezi kurusha Airbus mpaka afundishwe tena. Gharama yake ni kubwa. Kwa hiyo baadhi ya makampuni humlipia kijana, na humshurutisha akae kazini miaka miwili, mitatu au zaidi. Akitoka kabla ya muda, arudishe mali. Na kampuni ina hoja, kwani elimu ile huandikwa katika leseni ya rubani, na siku akiondoka huondoka nayo, akaivuna mwingine asiyetoa hata senti.

Hapa watu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza humwambia kijana: Tia sahihi, chukua elimu, kisha toroka. Kundi la pili humwambia: Maadamu umetia sahihi, lipa lolote utakaloambiwa. Wote wawili wamekosea njia.

Ama kundi la kwanza, na wakumbuke kuwa Mwenyezi Mungu ameianza Suratul Maida kwa kuwaamrisha waumini watimize mapatano yao, wala hakubagua mapatano na Mwislamu na yale na asiyekuwa Mwislamu. Na katika Suratul Qasas imetajwa khabari ya Nabii Musa, amani imshukie, alipofika Madyan hana kitu. Mzee wa huko alipatana naye amtumikie miaka minane, na akitimiza kumi basi ni kwa hisani yake, na mzee akasema hapendi kumtia katika mashaka. Tazameni, ndugu zangu: muda umetajwa, ziada ni ya khiari, na mwenye kuajiri ameahidi kutomtaabisha mtu wake. Na Musa aliutimiza muda, kisha ndipo akasafiri na ahali zake. Basi kumfunga mtu kwa muda maalumu si dhulma kwa asili yake, na kutoroka ni khiyana.

Ama kundi la pili, na wakumbuke hadithi ya Barira, ambamo Mtume, rehema na amani zimshukie, amebainisha kuwa sharti lisilokubaliana na Kitabu cha Mwenyezi Mungu ni batili, hata yakiwa masharti mia. Na imepokewa pia kwamba Waislamu hufuata masharti yao, ila sharti lihalalishalo haramu au liharamishalo halali. Sahihi ya mwanadamu haigeuzi dhulma ikawa haki.

Na ninyi watu wa Pwani mna ushahidi karibu yenu. Wako wapi wazee wa Tanga waliowaona manamba wakishuka na mizigo yao kwenda kukata mkonge? Wengi wao walitoka bara ya mbali, na miongoni mwao walikuwamo watu wa Ufipa, uwanda ulio baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ambao mji wake ni Sumbawanga. Wenye mashamba waliunda afisi yao ya kuandikisha watu, iliyoitwa SILABU, katika mwaka 1944. Mfipa aliacha ulezi wake na mahindi yake, akasafiri zaidi ya kilomita 1,000, akapewa namba, na kazi yake ikahesabiwa kwa kipande cha siku 30. Na sheria ya mabwana na watumishi ya 1923 ilimfanya aachaye kazi kabla ya muda kuwa mkosa wa jinai, wa kutozwa faini au kufungwa. Wengi walitia alama ya dole gumba katika karatasi wasiyoweza kuisoma.

Leo hali ya Sumbawanga ni nyingine. Katika miaka hii ya 2020 serikali ilishika kazi ya kuujenga upya uwanja wa ndege wa mji ule, ulio juu kwa karibu mita 1,800, ambako hewa ni nyepesi na ndege hutaka njia ndefu zaidi ya kurukia. Mjukuu wa namba aweza kuitazama ndege ikishuka, akatamani kuirusha, kama atamanivyo kijana wa Mombasa au wa Unguja. Naye anajua kusoma. Lakini je, husoma? Asomaye mshahara tu akaacha kurasa zilizobaki, basi dole gumba la babu yake lina udhuru kuliko kalamu yake.

Basi mkataba na upimwe kwa mambo matano.

La kwanza, gharama itajwe kwa hesabu na iwe ya kweli. Mali isiyotumika kwa mafunzo haidaiwi kwa jina la mafunzo.

La pili, deni lipungue kadiri kazi inavyofanywa. Tuseme mafunzo yamegharimu dola 36,000 na muda ni miezi 36. Kila mwezi wa kazi hulipa dola 1,000. Aondokaye baada ya miezi 30 amebakiwa na 6,000. Akidaiwa 36,000 zote, basi miezi 30 ya utumishi wake imeliwa bure. Na katika watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa khasimu wao Siku ya Kiyama, mmoja ni aliyeahidi kwa jina lake kisha akavunja, na mwingine ni aliyemwajiri mtu, akaipata kazi kamili, asimpe ujira wake. Hadithi hiyo moja yamwonya rubani na yaionya kampuni.

La tatu, ielezwe ni nani aliyevunja. Rubani akipoteza afya, hata cheti cha tabibu kikaondolewa, au kampuni ikimwachisha kazi, kwa haki gani atadaiwa? Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia safari, makampuni makubwa ya Ghuba, kama Emirates, yaliwaachisha marubani wengi. Lililokuwako laweza kurudi.

La nne, pasiwe na riba. Majmau ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Riyadh mwezi wa Septemba 2000 ilijuzisha sharti la fidia katika mikataba, ila pale ambapo asili ya wajibu ni deni. Na fidia iwe kwa khasara iliyotokea kweli. Kwa hiyo gharama ikishakuwa deni, kuliongeza kwa sababu ya kuchelewa ni riba iliyo wazi.

La tano, ijulikane hukumu itakatwa nchi gani. Katika baadhi ya nchi za Ghuba mdai aweza kuomba mdaiwa azuiwe kusafiri, na kijana akajikuta hana kazi wala njia ya kurudi kwao.

Nawe baba uitwaye kudhamini, jua kuwa mdhamini ni mlipaji. Usiweke nyumba ya watoto rehani kwa haya ya kukataa. Uliza, somewa mkataba mbele ya mwanasheria na mtu mwenye dini, kisha dhamini kadiri uwezayo kulipa.

Na aliyekwisha kutia sahihi katika mkataba wenye dhulma asitoroke usiku. Na atimize lililo la haki, aandike madai yake, atake suluhu, na suluhu ikishindikana aende kwa kadhi au mahakama. Aondokaye kwa mlango hulinda jina lake, na pia huwalinda vijana wa kwao watakaokuja kuomba kazi nyuma yake.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe watimizao ahadi, wala usitujaalie kuwa madhalimu wala wadhulumiwa. Wahifadhi vijana wetu walio safarini, nchi kavu na baharini na angani, na uwarudishe kwa wazazi wao kwa salama. Amin.