Kabla Hujasaini Mkopo wa Kirikuu



Wanangu wa Kizota, kuna maneno yanazunguka vijiweni, kwa wachomeleaji wa mageti na madirisha, kwa wakamuaji wa alizeti, hadi kwa wasambazaji wa saruji wanaohudumia nyumba zinazoota kila kona tangu serikali ihamie Dodoma. Wanasema ukinunua gari la kazi kodi inashuka, kwa hiyo kopa, nunua, mamlaka ya mapato (TRA) itakufidia. Maneno hayo yana ukweli kidogo ndani yake, na ukweli huo kidogo ndio unaowapoteza vijana.

Nianze na lililo kweli. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamruhusu mfanyabiashara anayetunza hesabu kupunguza kwenye mapato yake sehemu ya gharama ya chombo cha kazi kila mwaka, kwa kuwa chombo kinachakaa. Gari la mizigo lisilofika tani 7 linakatwa asilimia 37.5, na kompyuta vivyo hivyo. Lori zito na mashine za kiwandani ni asilimia 25. Meza, makabati na samani za ofisi ni asilimia 12.5. Mkulima wa zabibu kule Hombolo anayenunua pampu ya shambani anakata gharama yote, asilimia 100, mwaka uleule. Hii ni haki yenu kisheria, wala msiiombe kama fadhila.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo watu hufumba macho. Chukua kampuni ndogo iliyonunua kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kwa shilingi milioni 16. Asilimia 37.5 yake ni milioni 6. Hiyo milioni 6 inaondolewa kwenye faida inayotozwa kodi. Si kwamba kuna mtu anakuja kukukabidhi milioni 6 mkononi. Kampuni inalipa asilimia 30 ya faida, kwa hiyo kodi iliyopungua ni milioni 1.8. Mwaka wa pili asilimia hiyo inapigwa kwenye milioni 10 iliyobaki, unapata milioni 3.75, na kodi inapungua kwa shilingi 1,125,000. Inaendelea kushuka hivyo kila mwaka. Sehemu kubwa ya bei ya gari ni mzigo wako, na ukiwa umekopa, riba ya mkopo wa biashara inaingia kwenye gharama, lakini marejesho ya ule mkopo wenyewe hayaingii. Anayenunua gari asilolihitaji ili aokoe milioni 1.8 mwaka wa kwanza ametoa milioni 16 kuifukuza milioni 1.8.

Lakini wengi wenu hata hiyo milioni 1.8 hamtaiona, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mfanyabiashara binafsi mwenye mauzo madogo hulipa kodi ya makadirio. Mwaka 2019 ukomo wake ulipandishwa kutoka mauzo ya milioni 20 kwa mwaka hadi milioni 100, kwa hiyo karibu kila karakana na kila duka la mtaani kwetu limo humo. Makadirio yanatazama mauzo, hayatazami faida. Ununue kirikuu, ununue jenereta, ununue mashine mpya ya kuchomelea, kodi yako inabaki palepale, kwa sababu hakuna gharama yoyote inayokatwa. Sheria inakuruhusu kuchagua kutoka huko na kulipa kwa hesabu za faida na hasara, ila ukichagua hivyo uwe na hesabu kweli: daftari la mauzo, daftari la matumizi, na karatasi ya kuthibitisha kila mstari. Ukitoka bila karatasi umejitoa kwenye nafuu ndogo ukaingia kwenye mabishano makubwa.

Na karatasi zenu nimeziona. Fungua droo ya gari lolote hapa barabara ya Singida: risiti za mafuta zimekunjwa, zimelowa jasho na grisi, nyingine zimekaa juu ya dashibodi zikapigwa na jua la Dodoma mpaka zimekuwa nyeupe kabisa. Zile risiti za mashine ya kielektroniki (EFD) huandikwa kwa joto, na jua huzifuta. Sheria inakutaka utunze kumbukumbu miaka 5. Toa nakala siku hiyohiyo, au piga picha kwa simu na uihifadhi mahali pasipopotea simu ikiibiwa.

Liko pia hili la kadi ya gari. Kijana ananunua gari mkononi kwa mtu, anapewa kadi yenye jina la mwenye zamani, miaka mitatu inapita hajabadili umiliki kwa kuogopa gharama. Kwenye karatasi gari hilo si lake. Atadai vipi uchakavu wa mali ya mtu mwingine? Badilisha jina, tena weka jina la biashara kama biashara ndiyo iliyolipa. Na gari linalobeba mageti Jumatatu kisha likapeleka familia harusini Jumamosi, kata sehemu ya kazi tu. Andika safari zako kwenye daftari, tarehe, mzigo na mahali, ili ukiulizwa usitegemee kumbukumbu ya kichwa. Siku ukiliuza, bei uliyopata inarudi kwenye hesabu nayo, usiifiche.

Wanangu, gari la kazi ni jambo jema, nami nafurahi kila nikiona kijana wa hapa anashusha mzigo kutoka kwenye gari lake mwenyewe. Linunueni kwa sababu kazi imelihitaji na mauzo yanaweza kulilipia. Lakini kabla hujasaini mkopo, chukua namba yako ya mlipakodi (TIN) uende ofisi ya TRA, uliza swali moja tu: mimi nalipa kwa makadirio au kwa hesabu? Jibu hilo lichukue kwa mhasibu mwenye cheti, mkae mpige hesabu pamoja, ndipo uende benki.