Namba Niliyoiandika kwenye Mchoro



Kabla ya seminari nilisoma shule ya ufundi, na somo lililonitesa kuliko yote ni uchoraji wa kiufundi. Wiki za kwanza hatukuchora kitu chochote, ni mistari na herufi tu. Unabandika karatasi kwenye ubao, unaegemeza rula ya T kwenye ukingo wa kushoto, unapiga mistari hafifu kwa penseli ngumu ya 2H. Ukishajiridhisha ndipo unakoleza kwa HB. Mimi kwa haraka zangu nilikandamiza tangu mwanzo. Raba ilifuta weusi, lakini alama ya kukandamiza ilibaki kwenye karatasi. Mwalimu alipitisha kidole tu, akajua.

Baadaye tukafundishwa kuchora kitu kimoja mara tatu: kinavyoonekana kutoka mbele, kutoka juu na kutoka ubavuni. Upana wa mbele lazima ulingane na upana wa juu. Hata sehemu iliyojificha nyuma unaichora, kwa mstari wa vipande vipande. Halafu unaandika vipimo kwa milimita. Na hapa ndipo penyewe: fundi karakana hatakiwi kupima mchoro wako kwa rula. Karatasi hunywea, mkono huteleza. Anaiamini namba uliyoandika.

Basi tukapewa kazi ya kigoda. Mimi nichore, mwenzangu akate mbao. Kikalio kilitakiwa kuwa na upana wa 360. Miguu ni 40 kila mmoja, kwa hiyo ubao wa kuishika katikati ulipaswa kuwa 280. Nikaandika 300. Usiku nikajumlisha, nikaona ni 380. Jamani, herufi zilikuwa nzuri, mistari imekolea, kurudia ilikuwa kazi ya saa tatu. Nikakunja mchoro, nikalala.

Mwenzangu akakata 300, kwa mbao ya mninga. Miguu ikatokeza milimita 10 kila upande. Akagombezwa mbele ya darasa kwamba hajui kupima, akaambiwa alipe mbao. Mimi nilisimama hatua mbili kutoka pale. Sikusema neno.

Zamani nikisoma kitabu cha Kutoka nilikuwa naruka sura za mwisho. Mungu ameshamwambia Musa vipimo vya Sanduku la Agano, dhiraa mbili na nusu kwa moja na nusu (Kut 25:10), halafu tunaambiwa Bezaleli akalitengeneza, na vipimo vinarudiwa vilevile (Kut 37:1). Ya nini kurudia? Siku hizi naona tofauti. Musa ndiye aliyeonyeshwa mfano kule mlimani. Bezaleli, pamoja na ufundi wote aliojaliwa, hakupanda. Alichokuwa nacho ni neno la Musa. Kama Musa angechoka njiani akapunguza nusu dhiraa, Bezaleli angekata kwa uaminifu, angekosea, na lawama ingekuwa yake.

Falsafa nimesoma, na Mtakatifu Thoma wa Akwino ana maneno mazito kuhusu ukweli kuwa ulinganifu wa akili na kitu. Nilifaulu mtihani wake vizuri tu. Lakini 300 yangu ilikuwa bado iko palepale.

Mwaka wa kwanza seminarini niliungama. Padre hakushtuka. Aliniuliza swali moja: "Mwenzako anajua?" Nikasema hapana. Akanipa ondoleo, kisha akanikumbusha jambo lililo katika Katekisimu namba 1459, kwamba ondoleo huondoa dhambi lakini haliponyi madhara yote iliyoleta, na aliyemkosea jirani afanye awezalo kurekebisha. Nikakumbuka kidole cha mwalimu juu ya karatasi.

Likizo nikamtafuta. Ana karakana yake sasa, anatengeneza milango na vitanda. Nilikuwa na pesa ya mbao kwenye bahasha, na maneno niliyoyapanga ndani ya basi yote yalinipotea. Nikasema tu, "Kaka, ile namba nilikosea mimi, na nilijua."

Akaweka msumeno chini. "Hata mimi nilijua," akasema. "Nilijumlisha jioni ileile. Nilikuwa nasubiri uje uniambie."

Akaichukua bahasha, akahesabu, akaitia mfukoni. Kisha akanivutia kigoda nikae.