Maji Hufuata Mteremko

Nina jamaa wawili ambao kila tukikutana kwa sherehe ya familia lazima wavutane. Binamu yangu, aliyehamia Kilimani, ana jibu moja kwa kila swali: jitume. Mtaa haujalishi, anasema. Mjomba, ambaye hajawahi kuhama Kayole, humsikiliza, anacheka, halafu anasema mtu ni pale alipozaliwa. Safari hii walivutana juu yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili, na kila mmoja alikuwa na maelezo tayari. Mimi nilikuwa pale, nakula pilau.

Swali lao si dogo. Mwaka wa 1997 Jared Diamond alitoa kitabu kizima, Guns, Germs, and Steel, akiuliza kwa nini jamii fulani zilikuja kutawala nyingine. Jibu lake kwa ufupi: si akili, ni mazingira. Waliobahatika kuwa na nafaka za kupandwa na wanyama wa kufugika walipata chakula cha ziada, na chakula hicho kikazaa miji, majeshi na silaha. Farasi alifugika, punda milia akakataa. Nilikipenda kitabu hicho kwa sababu kinawaziba mdomo wabaguzi: hakuna damu bora, kuna bahati ya mahali. Lakini nikikaa nacho sana, namsikia mjomba akicheka ndani yake.

Basi tuipime hoja hii hapa nyumbani. Nairobi ilianza kwa jiografia. Reli ilipofika mwaka wa 1899, wajenzi walitaka mahali tambarare penye maji kabla ya kupanda kuelekea Bonde la Ufa. Wamaasai walishapapa jina: Enkare Nairobi, maji baridi. Ardhi yenyewe inateremka kutoka magharibi kwenda mashariki. Magharibi kuna vilima na udongo mwekundu. Mashariki kuna udongo mweusi, ule unaopasuka jua likiwaka na kukuvua kiatu mvua ikinyesha. Mito inatoka juu, inapita katikati ya mji, na inatufikia sisi ikiwa imebeba kila kitu. Hapo hakuna wa kulaumiwa. Maji hufuata mteremko.

Watu, lakini, hawakufuata mteremko. Watu walipangwa. Mwaka wa 1913 daktari Mwingereza, W. J. Simpson, alikuja kukagua usafi wa miji ya huku, akapendekeza Wazungu, Wahindi na Waafrika watenganishwe, kila rangi na mtaa wake. Sababu iliyotolewa ilikuwa magonjwa. Wazungu wakajiwekea vilima vya magharibi na kaskazini. Waafrika wakapelekwa mashariki, Pumwani na mitaa iliyofuata. Ni kama mbu ndiye aliyechora ramani.

Uhuru ukaja, kalamu ikabadilisha mkono. Waraka wa serikali Nambari 10 wa mwaka wa 1965 ulisema pesa za maendeleo ziende pale zitakapozaa zaidi: penye ardhi nzuri, mvua, usafiri na umeme. Inasikika kama hesabu tu, si ndio? Lakini barabara hainyeshi kutoka mawinguni. Ilikuwa pale kwa sababu kuna mtu aliiweka pale. Kaskazini, kuanzia Turkana hadi Wajir, wakangoja tena, na ukame ukabebeshwa lawama yote. Katiba ya 2010, Ibara ya 204, iliunda mfuko wa kusawazisha, wa kupeleka maji, barabara, afya na umeme kwa maeneo yaliyoachwa nyuma. Huwezi kusema "yaliyoachwa" bila kukubali kwamba kuna aliyeacha.

Hapo ndipo naachana na jamaa zangu wote wawili. Binamu akisema mahali si kitu, anawafutia lawama waliochora ramani. Mjomba akisema mahali ndio kila kitu, naye anawafutia, kisha anatufutia na sisi. Mazingira yanakupa mteremko. Hayachagui nani alale chini.

Na mimi je? Saa mbili za foleni kila asubuhi hadi darasani, hiyo si hali ya hewa, ni mipango ya watu. Karo iliyochelewa vilevile. Lakini kuna Jumatatu ambazo matatu ilikuwepo, nauli ilikuwepo, na nikageukia ukuta nikalala. Hizo ni zangu. Nikizitupia mteremko, nitakuwa nakubaliana na wale walioamini kwamba huku chini hakuna anayechagua chochote.

Mvua za Aprili 2024 zilipofurisha mto Mathare, watu walikufa, na baadaye nyumba zilizobaki kando ya mto zikabomolewa. Kila mahali niliposikiliza, waliita janga la asili. Usiku mmoja mjomba alinipigia simu kujua kama tuko salama.

"Ni Mungu," akasema. "Tutafanya nini?"

"Mungu alileta mvua, mjomba. Nani alituleta sisi mtoni?"

Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza kama nimekula.