Rubani Alishindwa na Nini?

Ndege ikianguka, magazeti yetu huandika kwamba "ilimshinda rubani", au kwamba "rubani alishindwa kuimudu". Wachunguzi nao wana usemi wao: kupoteza udhibiti. Twauliza hapa kama maneno hayo ni jibu, au ni swali tu.

Tuchukue kazi ya kunyunyizia mimea dawa kwa ndege. Atokaye Jinja kwenda Mbale hupita miwa ya Kakira, kisha Iganga na Tirinyi, hata akauona Mlima Elgon. Nchi hiyo iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na adhuhuri yake ni ya joto. Kwa hiyo hewa ni nyepesi, na bawa hupata egemeo dogo kuliko pwani. Tuwaze ndege juu ya miwa hiyo, tangi limejaa, kimo chake mita chache tu. Ifikapo mwisho wa shamba hupanda na kugeuka ili iandame mstari wa pili. Ikilala upande kwa nyuzi 60 bila kushuka, bawa hubeba uzito maradufu, na mwendo wa chini kabisa unaoiweka ndege angani huongezeka kwa asilimia 41 hivi. Mwendo ukipungua hapo, ndege huanguka, wala hapana nafasi ya kuinyanyua tena.

Mkono wa mwisho ulikuwa wa rubani, na mara nyingi yeye ni marehemu, hawezi kujitetea. Lakini nani alijaza tangi? Nani alitaka kazi iliyofaa kufanywa alfajiri iendelee mpaka jua la utosi?

Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, kilichopitishwa mwaka 1951, chasema lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali, si kugawa lawama. Wako wanaoona kuwa huko ni kuwaficha wakosaji. Hatukubaliani nao, ingawa twakiri kwamba mjane ana haki ya kutaka zaidi. Hiyo aidai mahakamani. Anayeogopa kufungwa hasemi yote, na asiyesema yote hutuachia ajali ya pili. Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines ilianguka karibu na Bishoftu, watu 157 wakafa, chini ya miezi mitano baada ya ndege ya aina hiyohiyo kuanguka Indonesia. Marubani walinyoshewa kidole mapema. Kumbe mlikuwamo programu iliyosukuma pua ya ndege chini kwa kufuata kipimo chenye kasoro.

(Ile methali ya kwamba ajali haina kinga, twaifundisha kwa wepesi mno.)

Sisi walimu twajua kuwa "kushindwa" ni kauli ya kutendwa, na mtendaji wake hutajwa baada ya "na". Mwanafunzi akiandika "rubani alishindwa" akatia nukta, tumrudishie daftari aendelee: na uzito, na joto, na uchovu, na haraka ya mwenye shamba.