Deni la Kipya kwa cha Kale

Je, anayesonga mbele ana wajibu gani kwa wale waliomtegemea? Swali hili ni la kale, lakini siku hizi limejificha hata ndani ya kompyuta.

Kila kompyuta ina kiini cha mfumo endeshi. Kazi yake ni kama ya mkuu wa chuo: hugawa nafasi, hupanga zamu, hushika funguo za ghala. Programu zote hupiga hodi kwake. Kiini kikibadilishwa, programu iliyozoea mlango fulani yaweza kukuta ukuta. Chuoni petu alama za wanachuo zilitunzwa katika programu iliyoandikwa na mkufunzi mmoja enzi za DOS. Zilipoletwa kompyuta mpya, haikufunguka, kwani Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16. Wahitimu waliokuja kuomba nakala za matokeo walirudi mikono mitupu. Fundi alisema, "Kosa ni la programu, mzee. Imepitwa na wakati." Tangu lini uzee ukawa kosa?

Wapo waliofikiri vingine. Joel Spolsky, aliyewahi kufanya kazi Microsoft, amesimulia kwamba mchezo wa SimCity ulikuwa na ila: uliendelea kusoma sehemu ya kumbukumbu uliyokwisha kuirudisha. Hapo awali ila hiyo haikudhuru. Katika Windows 95 ingeuangusha. Kosa lilikuwa la mchezo, lakini watengenezaji wa Windows waliufanyia mpango wa pekee ili uendelee. Naye Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux mwaka 1991, ameshikilia kanuni kwamba kiini kisivunje programu za watumiaji. Desemba 2012 alimkaripia vikali mwenzake aliyeitupia programu lawama. Ukali ule siusifu, ila kanuni naikubali. Anayetegemewa kwa miaka mingi amekwisha kuweka ahadi, hata kama hakutamka neno.

Hata hivyo, mzigo usiotuliwa huvunja mgongo. Mwezi huohuo Torvalds aliridhia Linux mpya isiendeshe tena mashine za 386, zilezile alizoanzia. Hiyo ilikuwa mashine, si programu. Na mwenye nayo aliweza kubaki na kiini cha zamani. Lakini yatuonyesha kwamba deni nalo lina mwisho.

Basi wajibu wetu si kubeba vya kale milele. Ni kutoa taarifa mapema, kumwachia mtu muda wa kuhamisha vyake, na kutomwambia "kosa ni lako" ilhali sisi ndio tuliohamisha mlango.