Haki ya Kudeka

Mtoto akivunja sahani kwao hukaripiwa, na jua halijatua jambo limekwisha. Yatima akivunja sahani kama hiyo katika nyumba iliyompokea, huenda asiambiwe neno. Lakini ataokota vigae mwenyewe, ataosha vyombo vilivyobaki bila kutumwa, na kesho ataamka wa kwanza kufagia uwanja. Hakuna aliyemdai. Analipa deni gani?

Nauliza nikiufikiria mji wa Karatu, uliokua kando ya barabara ya kwenda Ngorongoro, ambako Mwiraqw, Mmaasai na Mdatoga wanakutana mnadani na kuzikana. Baada ya maziko ndugu hukaa kikao: huyu aende kwa shangazi, yule kwa baba mdogo, kitinda mimba abaki na bibi Rhotia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakipa kikao hicho uzito: wazazi wakifa, wajibu wao unaweza kuhamia kwa ndugu kwa amri ya mahakama au kwa utaratibu wa kimila. Ni wajibu, si fadhila. Ila mtaani tunasema mtoto "kasaidiwa", naye anasikia.

Mwaka 1962, katika andiko lake kuhusu Ujamaa, Mwalimu Nyerere alieleza jamii ambamo asiye na mali aliitegemea mali ya wenzake bila kuvunjiwa utu. Humo humo alikumbusha methali ya mgeni kupewa jembe siku ya tatu. Kwangu jembe hilo ni heshima, kwa kuwa anayelipokea si mgeni tena. Ndiyo maana simwonei yatima huruma kwa sababu ya kazi. Watoto wengi wa Karatu huteka maji, huchunga, huvuna maharage. Namwonea uchungu kwa kuwa mwenye wazazi hupokea jembe akinung'unika, naye hathubutu. Yule akinuna ni utoto, huyu akinuna hana shukrani.

Na penye upendo mwingi deni huwa zito zaidi. Aliyelelewa na mtu mmoja anajua amshukuru nani. Aliyelelewa na mtaa anamwamkia kila mtu kama mdaiwa: mama wa sokoni aliyempa unga, mwalimu aliyemnunulia daftari, jirani aliyempeleka zahanati. Wote wana haki ya kumkanya, na wote wanakumbuka walichotoa. Hata kwenye makao ya watoto, wageni wakishuka garini wakitokea kreta ya Ngorongoro, mara nyingi watoto hupangwa mstari waimbe. Nani aliyewahi kuimbia chakula cha mama yake?

Mlezi atanijibu kwamba naye ana wanawe, mvua imekatika, na debe la mahindi limepanda. Ni kweli, na watoto waambiwe hivyo, wote pamoja, wakati wa kula. Akiambiwa mmoja peke yake, ameonyeshwa mlango.

Kwa hiyo nikitaka kujua kama shangazi amempokea mtoto, sitazami sare wala ada. Nangoja siku atakaposema hataki mboga hii, nisikie kama shangazi atamfokea vile anavyowafokea wanawe, bila kumtajia marehemu.