Achia Usukani, Kisha Geuka

Somo: Matendo ya Mitume, sura ya 27

Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwakusanya marubani 20 ambao hawakuwa wamefundishwa kurusha ndege kwa kutegemea vipimo peke yake. Wote walizoea kuruka kwa kutazama nje: ardhi chini, anga juu, mstari wa upeo mbele. Wakiwa angani na mwalimu kando yao, walizuiwa wasione nje, wakabaki na vipimo tu, kama mtu aliyeingia ndani ya wingu. Wote 20 walishindwa. Kwa wastani zilipita sekunde 178, yaani hata dakika tatu hazikutimia, ndege ikawa imefika mahali ambapo bila mwalimu wangekufa. Aliyeshindwa mapema kuliko wote alidumu sekunde 20.

Sababu yake inafaa kuelezwa vizuri. Ndani ya sikio kuna mifereji midogo yenye majimaji, nayo husaidia kutuambia kama mwili unageuka au unainama. Lakini mifereji hiyo huhisi mabadiliko tu. Ndege ikiinamia upande mmoja na kukaa hivyo kwa muda, majimaji hutulia na mwili husema tuko sawa. Rubani akiinyosha, mwili humwambia sasa ndiyo inalala, naye huirudisha kulekule kwenye kona. Pua inashuka, mwendo unazidi. Anavuta usukani ili apande, na kwa kuwa mabawa yamelala, kuvuta huko kunaikaza kona zaidi. Anazunguka akiporomoka huku moyoni ana hakika kwamba anaruka sawasawa. Hapo hapana ulevi wala uzembe. Ni mtu mzima, mwenye afya, anayeusikiliza mwili aliopewa na Mungu wa kutembelea juu ya ardhi.

Jioni ya tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy Mdogo, mwana wa rais aliyeuawa mwaka 1963, aliruka kutoka uwanja wa Essex County, New Jersey, kwa ndege yake ya injini moja. Alikuwa na mkewe Carolyn na shemeji yake Lauren. Walikuwa wamshushe Lauren katika kisiwa cha Martha's Vineyard, kisha wao wawili waendelee hadi Hyannis Port, ambako binamu ya John alikuwa afunge ndoa kesho yake. Waliondoka wakiwa wamechelewa, jua limeshatua. Leseni yake ilikuwa ya mwaka mmoja na ushei. Mafunzo ya kuruka kwa vipimo alikuwa ameyaanza, hajayamaliza. Mwalimu mmoja alijitolea kufuatana naye usiku ule. Akamjibu kwamba anataka kuirusha mwenyewe. Rubani mwingine katika uwanja huohuo, aliyekuwa aelekee kisiwa hichohicho, aliutazama ukungu akaahirisha safari.

John aliambaa na pwani ya Connecticut hadi Rhode Island, taa za miji zikiwa upande wake wa kushoto. Kisha akaiacha nchi kavu akakata bahari. Marubani wengine waliopita eneo lile usiku huo waliwaeleza wachunguzi kwamba juu ya maji hapakuonekana upeo wowote. Ndege ikapinda, ikashuka, ikapinda tena, ikatumbukia. Wote watatu walifariki. Mwaka uliofuata wachunguzi wa Marekani walitoa ripoti: rubani alishindwa kuimudu ndege kwa kupotewa na mwelekeo, usiku, juu ya bahari, katika ukungu.

Sheria haikumkataza kuruka, na hilo ndilo linalonihuzunisha kuliko yote. Hali ya hewa iliyotangazwa katika viwanja ilikuwa ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Ukitafuta ni wapi hasa alipokosea, hupati mahali pamoja pa kuweka kidole. Alichelewa kuondoka, jambo ambalo hata mimi na wewe hutupata. Kulikuwa na shemeji wa kushushwa. Kulikuwa na harusi, na ukoo mzima uko njiani. Kila jambo lilikuwa jema, na kila jambo lilimsukuma mbele kidogo.

Luka anasimulia habari ya namna hiyohiyo, kwa makini ya mtu aliyekuwamo chomboni. Merikebu ya Iskanderia imebeba ngano kwenda Italia, imekawia njiani kwa pepo za mbisho, na sasa imetia nanga Bandari Nzuri katika kisiwa cha Krete. Siku ya Kufunga imeshapita, maana yake bahari imeanza kuchafuka kwa majira ya baridi. Paulo, mfungwa, anawaonya kwamba wakiendelea watapata hasara ya shehena, ya chombo na hata ya maisha. Akida Yulio anawasikiliza nahodha na mwenye merikebu. Tusimlaumu upesi. Nahodha ndiye mwenye ujuzi, mwenye merikebu ndiye mwenye mali, na walio wengi walikuwa upande wao. Isitoshe, hawakukusudia kwenda mbali. Walitaka tu kufika Foinike, bandari nyingine ya kisiwa kilekile, wapate mahali pazuri zaidi pa kungojea baridi ipite.

Kisha ukatokea upepo mwanana kutoka kusini. Nadhani hakuna kilichowaponza kama upepo ule. Laiti bahari ingekuwa imechafuka asubuhi hiyo, wangebaki wote. Marubani wa ndege ndogo wanalijua jambo hili: siku ya mawingu mazito hufunguka tundu la buluu, jua likapenya, na mtu aliyeshinda uwanjani tangu alfajiri akaona hayo ni majibu ya maombi yake. Wako waliolifuata tundu hilo, likafunga nyuma yao.

Tufani iliyoitwa Eurakilo iliwakamata baada ya muda si mrefu, na kwa siku 14 hawakujua wanakokwenda. Jua halikuonekana wala nyota. Ngano ikamwagwa baharini, merikebu ikavunjika pwani ya Melita. Watu wote 276 wakafika nchi kavu wakiwa hai. Katikati ya masaibu hayo kuna jambo tunalolipita haraka tukisoma. Mabaharia walipotaka kutoroka kwa mtumbwi, Paulo alimwambia Yulio na askari wake, nao wakazikata kamba mtumbwi ukaenda zake. Mtu aliyekataa shauri bandarini alilipokea baharini. Alikuwa amechelewa, lakini alisikia, na watu wakapona.

Utafiti wa Illinois nao haukuishia kwenye zile sekunde 178. Shabaha yake ilikuwa kutafuta njia ya kumtoa rubani katika wingu. Wale marubani walifundishwa utaratibu mfupi, na mwanzo wake unanigusa sana: ondoa mikono kwenye usukani. Shusha magurudumu, punguza nguvu ya injini, iache ndege itulie katika mwendo wake yenyewe, kisha igeuze nyuzi 180 kwa pedali za miguuni, macho yakiwa kwenye kipimo, mpaka uelekee ulikotoka. Walipojaribiwa tena baada ya mafunzo hayo, katika majaribio 60 walifaulu 59.

Sisi wahubiri tunapofundisha toba huanza na jitihada. Kaza, pambana, jivute. Marubani wale waliambiwa waachie kwanza, kwa maana mikono yenye hofu ndiyo iliyokuwa ikiwaangusha. Nao walirudishwa palepale walipotoka, penye mwanga, wakiwa na aibu labda, wakiwa hai. Nawafahamu waumini walio katikati ya wingu leo, katika biashara, katika madeni, katika uchumba ambao kila ndugu ameshauonea shaka, na kila siku wanazidi kuvuta usukani. Kurudi nyuma wanakuona kama kushindwa mbele ya Mungu. Ningependa wakae na habari ya mafunzo haya kabla ya kuamua.

Marubani wenye busara, hata hivyo, hawangoji mpaka wawe ndani ya wingu. Mipaka yao wanaiandika wakiwa nyumbani, tena mikali kuliko ile ya sheria: mawingu yakiwa chini ya kimo hiki siruki, nikishindwa kuona mbali kiasi hiki narudi, jua likitua kabla sijaondoka nalala. Wanaiandika mapema kwa kuwa wanajua kwamba abiria akishafunga mkanda na mizigo ikishapakiwa, moyo hupata hoja nyingi.

Kwetu Afrika Mashariki ndege ndogo si anasa ya matajiri. Tangu mwaka 1957 madaktari wa AMREF wamezitumia kufika mahali ambapo gari lingechukua siku nzima, na wamisionari na maaskofu huzipanda. Hatari nayo ni ileile, na kwetu kuna milima. Juni 2018 ndege ndogo ya abiria iliyokuwa ikitoka Kitale kwenda Nairobi iliigonga milima ya Aberdare, na watu wote 10 waliokuwamo walikufa.

Kwa hiyo neno langu la mwisho si la marubani. Ni letu sisi tunaongoja chini. Tumezoea kumshangilia mgeni aliyefika katika mvua: amepita katika mawingu kwa ajili yetu, anatupenda kwelikweli, kwaya na iimbe. Aliyegeuka njiani tunamsema mpaka jioni. Rubani anayasikia makofi hayo kabla hajawasha injini, na abiria aliye nyuma yake anayasikia vilevile, anaanza kutazama saa. Katika ule ukungu wa Julai 1999 kulikuwa pia na hema la harusi na meza zilizotandikwa, na hakuna aliyekusudia ubaya.

Naziomba kamati zetu za harusi, za harambee, za mazishi na za kuweka wakfu makanisa ziandike katika barua ya mwaliko kwamba ibada itaendelea hata mgeni asipofika, na zitaje atakayehubiri badala yake. Siku yenyewe, asubuhi, mtu mmoja apewe kazi ya kutoka nje, autazame mlima, kisha apige simu. Asimuulize mgeni amefika wapi. Amwambie, "Baba Askofu, shikamoo. Huku mlima hatuuoni tangu alfajiri. Mchungaji atahubiri, chakula tutakula, na juma lijalo tutakuja sisi kukusalimu. Usitoke."